Je, Wajua? Ndege Ndiye Anayepanga Umbali

Je, wajua kwamba kuku akiinamisha kichwa upande mmoja ndipo anapokutazama kwa makini zaidi? Macho ya ndege wengi yako ubavuni mwa kichwa, na mahali jicho lao linapoona vizuri kabisa panaelekea pembeni, si mbele kama kwetu. Kwa hiyo ndege aliyekupa ubavu, anayeonekana kama yuko na mambo yake, huyo ndiye aliyekukazia jicho. Mama zetu wanalijua hili bila darasa. Kuku wa uani akigeuza shavu juu na kutulia ghafla, watu hutafuta mwewe.

Nimeanza na jicho kwa sababu kila atakaye kuzoeana na ndege wa porini, na kila atakaye kumpiga picha akiwa huru mtini, ataanzia hapo. Ndege alikuona kabla hujamwona. Kuanzia dakika hiyo ni yeye anayeamua usogee hadi wapi.

Je, wajua kwamba ndege hufuatilia macho yako yanaelekea wapi? Huko Bristol, Uingereza, watafiti waliwawekea kwezi wa Ulaya chakula huku mtu yuko karibu. Mtu alipokitazama chakula, kwezi walichelewa kukisogelea. Alipoyaelekeza macho kwingine, hali amesimama karibu vilevile, walirudi mapema na wakala zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na mimi nimeyafanya kuwa sheria yangu. Nikimkaribia ndege natembea kwa mshazari, macho chini, kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Simwendei moja kwa moja kama anayedai deni.

Je, wajua kwamba sisi tuna aina tatu za chembe za kuonea rangi na ndege wengi wanazo nne? Hiyo ya nne inawawezesha kuona mwanga wa urujuanimno. Ndege wawili ambao kwetu ni pacha, dume na jike wasiotofautishika, wenyewe kwa wenyewe wanaweza kuonekana tofauti kabisa.

Na je, wajua kwamba ndege wadogo huona mwendo wa kasi kutuzidi? Taa ikimweka na kuzimika mara 60 hivi kwa sekunde, wengi wetu tunaona mwanga mmoja usiokatika. Watafiti nchini Sweden walipima mwaka 2016 wakakuta ndege fulani wadogo wa Ulaya wanaona mimweko hadi mara 145 hivi kwa sekunde. Mkono unaounyanyua haraka ili kuiwahi picha, yeye anaufuata tangu ulipoanza kutoka mapajani.

Nyuma ya nyumba ninakoishi kuna bomba linalovuja. Chini yake kuna kigae kilichopasuka kinachoshika maji ya kina cha vidole viwili, na shore wawili huja kuoga hapo asubuhi: wale ndege wa kahawia wenye kichwa cheusi chenye kishungi, na manjano chini ya mkia. Mara ya kwanza nilipotoka na kiti, waliruka nikiwa hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Kesho yake nikaweka kiti hatua kumi na tatu, nikakaa na kikombe cha chai, bila kamera. Siku ya tisa nikasogeza kiti hatua moja. Walipoonyesha wasiwasi, yaani waliponyoosha shingo na kubana manyoya mwilini, nikarudi nyuma. Saa ileile, shati lilelile, kiti kilekile. Mwezi wa tatu nilikuwa hatua nne, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Hawaogi pamoja. Mmoja huchovya kifua, hutikisa mabawa mpaka matone yarukie ukutani, na mwenzake hukaa kwenye tawi la mwarobaini akigeuzageuza kichwa. Kisha hubadilishana zamu. Kutoka hatua kumi na mbili nilikuwa nimeona ndege wawili tu kwenye maji.

Wahenga walisema ndege mwigo hana mazoea. Wengine wengi wanayo, ila huyapata polepole.

Je, wajua kwamba umbali ule ambao ndege huanza kukimbia watafiti huupima kwa mita, na kwamba hautofautiani ovyoovyo? Ndege wakubwa kwa kawaida huruka mapema kuliko wadogo. Ndege wa mjini humruhusu mtu asogee karibu kuliko ndege wa jamii hiyohiyo anayeishi shamba. Ndiyo maana anayeanza kupiga picha za ndege anafanya vyema kuanzia mjini. Kampala yuko kongoti, ambaye wenyeji wanamwita kalooli, ndege mkubwa anayesimama juu ya majengo na kwenye majaa bila kujali watu wanaopita chini yake. Kwa miezi mitatu ya mwanzo hutapata mwalimu mvumilivu kumzidi.

Je, wajua kwamba kunguru anaweza kukuwekea kinyongo kwa miaka? Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Profesa John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa mapangoni mwaka 2006, wakawakamata kunguru saba, wakawavisha pete miguuni, wakawaachia. Tangu siku hiyo, kila aliyevaa kinyago hicho chuoni alizomewa na kunguru. Aliyevaa kinyago kingine, chenye sura ya Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alipita salama. Miaka ilisonga na waliozomea wakazidi kuongezeka, hata wakawa wengi kuliko wale saba waliokamatwa. Makinda yalijifunza kwa wazazi, na wageni wakajifunza kwa wenyeji. Sisi wa Pwani tunaishi na jamaa yao, kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, na ambaye sasa amekuwa adui wa mayai na makinda ya ndege wengine. Mpige jiwe ukitaka, lakini kumbuka kisa cha Seattle.

Kinyume chake pia kipo. Je, wajua kwamba katika jangwa la Kalahari wako ndege weupe wenye mabawa meusi, waishio kwa makundi, ambao watafiti huwapima uzito bila kuwakamata? Mizani huwekwa mchangani, ndege hupanda mwenyewe, hupewa kipande kidogo cha chakula, namba husomwa, naye hurudi kwa wenziwe.

Je, wajua kwamba mpiga vyombo vya muziki aliacha jiji la London akaenda kuishi na ndege? Jina lake ni Gwendolen Howard, aliyeandika kwa jina la Len Howard. Katika nyumba yake huko Ditchling, Sussex, madirisha yalikuwa wazi na ndege wadogo wenye kifua cha manjano walikuwa wakiingia na kutoka wapendavyo. Aliwatambua mmoja mmoja kwa sura na mwendo. Mmoja wao, aliyempa jina la Star, alijifunza kugonga kwa mdomo idadi ya mara alizogongewa. Kitabu cha Howard cha mwaka 1952 kilishikilia neno moja, kwamba kila ndege ana tabia yake. Wataalamu wengine wa wakati ule hawakumchukulia kwa uzito kwa kuwa hakuwa msomi wa sayansi. Leo tabia ya ndege mmojammoja ni somo linalochunguzwa vyuoni, na naamini mama yule anastahili kutajwa kila linapotajwa.

Sasa nije kwa yule ambaye kwangu ni mkubwa wao wote.

Je, wajua kwamba yuko ndege wa porini, asiyefugwa wala kufunzwa, anayemwita binadamu waende kazini pamoja? Huyo ni mlembe, ndege wa asali. Ana rangi ya vumbi, ukubwa wake hauvutii, na akiruka utaona manyoya meupe pembeni mwa mkia. Anapenda nta, na tumbo lake linaweza kuisaga. Ila mzinga wa nyuki ulioko ndani ya mti hawezi kuuvunja, na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana moshi na shoka, lakini hajui nyuki walipo. Basi mlembe humjia, hulia kwa sauti ya kutetema, huruka mti wa mbele, hungoja, hulia tena. Watu hurina asali, yeye hula nta inayobaki.

Je, wajua kwamba padre Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwaka 1588, aliandika kuhusu ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta? Ni yeye huyu. Na je, wajua muda anaowaokolea watu? Mtafiti Mkenya Hussein Adan Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walipima kazi ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika sehemu wasiyoizoea, kutafuta nyuki bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9. Wakiwa na mlembe, saa 3.2. Hayo yalichapishwa mwaka 1989. Waborana humwita kwa mbinja yenye jina lake, fuulido.

Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wao hawapigi mbinja. Hutoa sauti ya kutetemesha ulimi, kisha mguno mfupi: brrr-hm. Claire Spottiswoode na wenzake waliipima sauti hiyo, wakatangaza mwaka 2016 kwamba anayetembea akiitoa hufuatwa na mlembe mara mbili zaidi, 66% badala ya 33%, na nafasi ya kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka 16% hadi 54%. Mwaka 2023 likaja jambo ambalo hunisisimua kila nikilifikiria. Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, walembe huitikia mbinja za Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Niassa ni kinyume, huitikia ya Wayao zaidi. Ndege wa jamii moja, lakini kila kundi linajua lugha ya watu wa kwao.

Tena mlembe hafundishwi na mama yake. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, kinda huanguliwa akiwa na ndoano mdomoni na kuua watoto wa mwenye kiota, kisha hulelewa na wageni. Huko kwa wageni hakuna anayejua habari za asali wala binadamu. Sauti ya watu hujifunza baadaye, akiwa porini. Kwa hiyo watoto wa kijiji wasipoendelea kuita, na asali ikawa ya dukani tu, urafiki huu hufa kwa upande wetu kwanza. Ukienda Eyasi na kamera, mpige picha ndege, lakini mrekodi pia mzee anayepiga mbinja, kwa ruhusa yake.

Je, wajua waanzilishi wa picha za ndege wa porini? Ndugu wawili kutoka mashamba ya Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichopambwa chote kwa picha zilizopigwa palepale porini. Wakati huo wengine walipiga picha za ndege waliouawa na kujazwa pamba. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe dume wa ngozi, mtupu ndani, mpiga picha akaingia humo na kamera yake nzito akiwa ameinama. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 na mashine ya kupigia picha za sinema.

Huhitaji ng'ombe. Je, wajua kwamba gari ni kibanda cha maficho? Ndege wa hifadhini huliacha gari likaribie mahali ambapo mtu akishuka tu wote wanaruka. Zima injini, egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele uliouweka dirishani, ngoja.

Na je, wajua hila ya watu wawili? Wapiga picha wa zamani waliokaa kwenye vibanda vya turubai waliingia wawili mbele ya macho ya ndege, kisha mmoja akatoka na kuondoka akionekana wazi. Ndege wengi hutulia wakidhani kibanda ki kitupu. Usijaribu kwa kunguru.

Je, wajua kwamba bluu inayometa ya kwezi haitokani na rangi ya bluu? Hutokana na jinsi manyoya yalivyojengwa kwa tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga. Chozi naye ni vivyo hivyo: jua likiwa nyuma yake utapata picha ya ndege mweusi tii, likiwa mgongoni mwako kifua chake kinawaka kama kioo. Kumbe shorobo ni habari nyingine. Wekundu wa mabawa yake ni rangi hasa, na ndani yake mna shaba, madini yaleyale ya sufuria na nyaya.

Mambo ya kamera kwa ufupi, maana si ya kuchosha. Lenga jicho, kwa sababu picha ambayo jicho lina ukungu haiponi. Shuka uwe sawa naye: ndege wa ardhini mpige ukiwa umelala kifudifudi. Anayeruka anataka kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi. Saa moja asubuhi mwanga ni laini na ndege wana njaa, saa sita mchana kila kitu kimekauka. Huna lenzi ndefu? Bandika kamera ya simu kwenye jicho moja la darubini, itulize kwa vidole viwili. Picha zangu za kwanza zilizofaa zilitoka hivyo.

Je, wajua kwamba mdiria mweupe kwa mweusi anaweza kusimama hewani palepale, bila upepo, kabla hajajitosa majini? Hizo sekunde chache ni zawadi kwa anayejifunza kupiga picha za ndege waliomo angani.

Je, wajua kwamba mpiga picha mashuhuri wa ndege alipoteza jicho kwa bundi? Eric Hosking, Mwingereza, mwaka 1937 alirudi usiku kwenye kibanda chake karibu na kiota cha bundi huko Wales. Mama bundi alimjia gizani bila kishindo, kwani manyoya ya bundi hayavumi, akampiga usoni. Jicho moja likapotea. Hosking hakumlaumu bundi hata kidogo. Aliendelea kupiga picha za ndege kwa jicho lililobaki hadi uzeeni.

Kiota ndicho mahali pa kuogopa, na si kwa ajili ya macho yetu tu. Ndege akiwa na mayai akarushwa, mayai hupoa au huchomwa na jua, na kunguru anaangalia. Kukata matawi ili kiota kionekane vizuri ni kumfungulia mwizi mlango. Picha ya kiota iliyopigwa kwa kufyeka majani mimi siipokei, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Sauti za simu nazo. Je, wajua kwamba ndege anayekuja mbio ukimpigia sauti ya jamii yake kwenye spika hajaja kusalimia? Amekuja kupigana na mvamizi. Anaacha kula, anaacha watoto, anazunguka akitafuta adui asiyekuwapo. Mara moja ni usumbufu, kila siku na kila mgeni ni mateso.

Je, wajua gharama ya kuwasogelea heroe? Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo nchini Kenya, alipowaona kutoka angani mwaka 1954 wakizaa katikati ya Ziwa Natron, alijaribu kuwaendea kwa miguu. Tope la magadi lilimshika, fuwele zikajaa ndani ya buti, na miguu ikaungua hadi akalazwa kwa wiki kadhaa na kupandikizwa ngozi. Magadi hayohayo, yanayomzuia binadamu na fisi, ndiyo sababu heroe wadogo wamelichagua ziwa hilo. Wengi kabisa wa heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa Natron. Leo mtu mwenye droni anaweza kufika kwa dakika chache pale Brown alipokaribia kufia. Kwa ndege waliojaliwa ukuta kama ule, naona droni ni ukiukaji wa heshima.

Je, wajua kwamba upendo unaweza kummaliza ndege? Nchini Rwanda, korongo mwenye taji, umusambi, anapendwa mno. Watu waliwachukua makinda kinamasini, wakawafuga kwenye bustani za nyumba na hoteli kama pambo. Wakakatwa mabawa wasiruke. Wageni walipiga nao picha. Lakini korongo wa bustanini alikuwa hazai, na vinamasi vikawa kimya. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, aliyekua akisikia milio yao kijijini, akaanza kampeni ya kuwaandikisha na kuwaondoa. Zaidi ya 200 walitolewa kwenye bustani. Walioweza kuruka walirudishwa porini Akagera. Wasioweza tena, kwa mabawa yaliyoharibiwa, wanaishi Umusambi Village, kwenye kinamasi kilichofufuliwa jijini Kigali, na unaweza kwenda kuwaona na kuwapiga picha wakitembea kwenye nyasi. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo wa porini wasiofika 500 nchi nzima. Miaka michache baadaye wakawa zaidi ya mara mbili. Huyu wa Akagera atakuruhusu umsogelee kidogo tu, na kidogo hicho ni chake.

Je, wajua kwamba sahani chafu ya chakula inaua? Uingereza, ambako mamilioni ya watu huwatundikia ndege mbegu bustanini, ugonjwa wa koo unaosababishwa na kijidudu uliwaingia chiriku wa kijani mwaka 2005. Walikula pamoja sahani moja, wakaambukizana, na mwaka 2021 ndege huyo aliyekuwa wa kawaida akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hiyo. Anayewawekea ndege chakula au maji aoshe chombo, akikaushe juani, abadilishe maji kila siku. Mkate nao si chakula chao: hujaza tumbo bila kujenga mwili. Kwetu ni rahisi zaidi, panda mshubiri na mti wowote wenye maua ya nekta, chozi atakuja mwenyewe. Maji yanayodondoka huvuta ndege kuliko maji yaliyotulia, kwa hiyo chupa iliyotobolewa kwa sindano na kutundikwa juu ya beseni inatosha.

Je, wajua kwamba kinda unayemkuta chini, mwenye manyoya tayari na mkia mfupi, mara nyingi hajatupwa? Anajifunza kuruka, na wazazi wako juu wakisubiri uondoke. Mwondoe barabarani, muweke kichakani. Wazazi hawatamkataa kwa kuwa umemgusa.

Je, wajua kwamba kuna kwera mmoja wa pwani ya Kenya, anayetambulika kwa jina la Clarke, ambaye mahali anapozaa palijulikana mwaka 2013 tu? Ni kwenye ardhioevu ya msimu katika msitu wa Dakatcha. Na je, wajua kwamba Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kila moja ina aina zaidi ya 1,000 za ndege? Ukitaka kuanza na watu, jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi yaliyoongozwa na Fleur Ng'weno yamekuwapo tangu miaka ya 1970. Ukitaka kuanza peke yako, anza na bomba linalovuja.

Shore wangu walizaa msimu wa mvua. Kiota sikukitafuta. Wiki chache baadaye walikuja kigaeni na makinda wawili, mikia mifupi, midomo bado na manjano pembeni. Nilikuwa kwenye kiti, hatua nne. Wazazi walishuka wakaoga. Makinda yalibaki kwenye mwarobaini, yakinitazama kwa ubavu, yasishuke. Nikakibeba kiti taratibu na kurudi nyuma, nikihesabu, mpaka mmoja aliposhuka na kuchovya kifua. Ilikuwa hatua ya tisa.